Mstari Mwekundu wa Bara Hindi

Mstari mwekundu ulipanda juu ya karatasi kama reli inavyopanda kutoka Njoro kwenda Elburgon, na Nderitu alipouondoa mkono ili autazame vizuri, moyo ulimruka.

Mwekundu ulikuwa wa Bara Hindi. Wa buluu, nchi za kusini mwa Afrika. Huko kote walinunua rojo la mbao, miti iliyosagwa na kupikwa ikawa uji wa kutengenezea karatasi. Kampuni ya mbao ya Nakuru iliyomwajiri ilitaka kujua ni upande upi uliokuwa ukinunua zaidi mwaka hadi mwaka. Bwana Harker, mkubwa wa ofisi, alikuwa amesema wazi: mstari mmoja ukipanda vya kutosha, kiwanda kitajengwa Elburgon, na serikali itaombwa iwarudishe wakulima waliohamishwa kutoka msituni.

Miongoni mwa wakulima hao alikuwamo Wariara, mkewe.

Misonobari ile waliipanda pamoja, kabla Nderitu hajapata kazi ya karani, wakilima viazi katikati ya miche. Wariara alikuwa na desturi ya kuushindilia udongo kwa kisigino, kisha kuukemea mche, "Simama!" kana kwamba ni mtoto mtukutu. Hali ya hatari ilipotangazwa kwa sababu ya uasi dhidi ya wakoloni, malori yaliwabeba wakulima wote wa msitu ule hadi rizavu ya Murang'a, ardhi waliyotengewa wenyeji. Nderitu akaachwa mjini kwa kuwa kampuni ilimhitaji. Wangui, binti yao, aliondoka mgongoni mwa mama yake, hana hata jino. Sasa ilikuwa 1957, na habari zilizomfikia zilisema Wangui anasoma. Anasoma! Nderitu alijaribu kuuwaza uso unaosoma, akaishia kwenye ufizi.

"Baba Wangui, leo unaichekea karatasi," alisema Miraji, karani mwenzake, mzaliwa wa Nakuru ambaye wazazi wake walitoka Lamu.

"Tazama Wahindi wanavyoila miti."

Miraji aliinama. "Wamelipa zaidi, naona. Lakini wamekula zaidi?"

"Una maana gani?"

"Kila Idi mama yangu hulia kwamba nyama imemmalizia pesa. Nikifunua sufuria, vipande ni vilevile vya mwaka jana. Hapa umechora thamani. Tani ziko wapi?"

Nderitu alizitafuta tani, akazichora kwa penseli nyeusi, polepole, kama mtu anayefungua kidonda. Mwekundu ulikuwa umepanda mlima. Mweusi ulilala chini yake kama ziwa lisilo na upepo. Bei ndiyo iliyopanda. Rojo lilikuwa lilelile.

Miraji alijuta kufungua kinywa. "Bwana aliomba thamani tu," alisema kwa sauti ya chini. "Futa huo mweusi. Mpe alichoomba, mama Wangui arudi."

Nderitu alikishika kifutio. Akilini alimwona Wariara akishuka kwenye lori, akiwasha moto katika nyumba yenye harufu ya utomvu. Kisha akaliona rojo likijaa maghalani bila mnunuzi, kiwanda kikifungwa, na lori likingoja tena mlangoni. Siku ile walipohamishwa, Wariara hakuwatazama askari. Alimtazama yeye, aliyesimama kando ya barabara na tai yake shingoni.

Akakiweka kifutio chini.

Bwana Harker aliutazama mstari mweusi kwa muda mrefu. "Kazi nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa chakula kimeungua. Kiwanda hakikutajwa tena.

Asubuhi iliyofuata Nderitu hakwenda kazini. Miraji alimkuta kwenye foleni ya pasi za kusafiria, nje ya ofisi ya wilaya.

"Watakufuta kazi, ndugu yangu."

"Na wafute."

"Na huko rizavu tai hiyo utaifanyia nini?"

"Nitafungia mbuzi."

Miraji alicheka, kisha hakucheka. Alimshika mkono kwa nguvu, hakuuachia upesi.

Foleni ilisogea. Lori la magogo lilipita likielekea kituo cha reli, na harufu ya msonobari uliokatwa ikabaki hewani baada ya vumbi kutua. Nderitu aliivuta hadi kifua kikamuuma.

"Pasi ya kwenda na kurudi?" aliuliza karani wa dirishani bila kuinua macho.

Kisigino cha Nderitu kilikuwa kikishindilia udongo.

"Ya kwenda," alisema.