Chupa Ishirini za Mwanasayansi

Pale maabara ya hospitali kila mtu alimwita Mama Chupa, naye hakukasirika, kwa maana chupa alikuwa ameziosha kwelikweli, miaka kumi na mmoja, mpaka sabuni ikamchubua vidole. Kazi hakuichukia. Kilichomkera ni ule ukuta wa kioo. Upande wa pili watu walipima, wakaandika, wakabishana, na yeye kazi yake ikawa kuwapitishia vyombo dirishani kama mpishi.

Njia ya kuuvuka ukuta ule ilikuwa moja tu, mtihani wa wasaidizi wa maabara. Unapewa ukurasa wa Kiingereza unaoeleza maisha ya mwanasayansi fulani maarufu, unausoma, kisha unaulizwa maswali. Mama Chupa alikuwa ameanguka mara mbili. Fomu haikutaka mtu aliyezidi miaka arobaini na mitano, na mwezi uliofuata yeye angetimiza arobaini na sita. Akikosa Ijumaa hii, ndiyo basi tena.

Binti yake, kifungua mimba, mwalimu wa shule ya msingi, alimwandikia maneno ishirini ya Kiingereza.

"Mama, hawa watu maisha yao ni yale yale," alimwambia. "Atazaliwa, atakuwa maskini, atakuwa mdadisi, atajaribu, atashindwa, watamcheka, atagundua kitu, atapewa tuzo, atakufa. Ukiyashika haya, umemshika yeyote."

Kuyashika sasa! Kwenye daftari maneno yalilala siku moja, kesho yake hayapo. Lakini mwanamke huyu alikuwa na kipaji chake: jambo likiandikwa kwenye lebo ya chupa, halimtoki kichwani ng'o. Basi akachukua chupa ishirini safi, akabandika kila moja neno lake, akazipanga kwenye rafu ya kukaushia, kuzaliwa kukiwa mlangoni na kifo karibu na bomba. Wiki mbili nzima, kila alipopita na karai, alizigusa moja moja huku akinong'ona: born, poor, curious, experiment, hadi anafika bombani na died yake. Jioni alizifungia kabatini.

Alhamisi, kwa wasiwasi wa kesho, akaenda zake nyumbani akaziacha rafuni.

Sasa, maabara ile ilikuwa na sheria isiyo na mjadala. Chupa isiyo na lebo hutupwa. Yenye lebo haitupwi, lazima iingizwe daftarini. Na aliyeingia zamu ya alfajiri alikuwa Miwani, mpimaji makini kupita kiasi, mtu wa kuweza kuhesabu mchele kabla ya kuupika. Alizikuta, akaziingiza zote. Wagonjwa ishirini, kila mmoja na namba yake. Mgonjwa wa kwanza, Born. Wa nne, Experiment. Sampuli: haionekani.

Mama Chupa alipofika, rafu ilikuwa tupu. Upande wa pili wa kioo, Mkuu wa maabara alikuwa ameinamia daftari, chupa zote ishirini zikiwa mezani mbele yake. Mkuu alikuwa mama asiyepandisha sauti, na kwa sababu hiyohiyo watu walimwogopa.

"Sampuli za watu ishirini zimepotelea mikononi mwako," alimwambia Miwani. "Vua koti. Andika maelezo, kisha uende nyumbani mpaka uitwe."

"Mkuu, nimezikuta hivyo hivyo, tupu!"

Mkuu huyohuyo ndiye mwenyekiti wa mtihani, na zilibaki saa mbili tu mtihani uanze. Mama Chupa akinyamaza, hakuna atakayejua. Akamtazama Miwani akihangaika na vifungo vya koti, akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akapiga moyo konde, akachungulia dirishani.

"Mkuu, mwache. Hao si wagonjwa. Ni maneno yangu."

Akaeleza yote bila kupumua. Mkuu akachukua chupa moja, akasoma, akachukua nyingine. Akamgeukia Miwani.

"Huyu Prize ulimlaza wodi gani?"

"Hakuwa na wodi, Mkuu. Nilimwandika mgonjwa wa nje."

Mkuu aligeuka upande wa ukuta, mabega yakimcheza. Aliporudi uso ulikuwa mkavu. "Miwani, vaa koti lako. Mama, bandua lebo zote sasa hivi. Kosa lako tutalizungumza baada ya mtihani."

Saa nne aliketi mbele ya watu watatu, roho mkononi. Akageuza karatasi. Ebo! Sentensi ya kwanza kabisa, mwanasayansi alikuwa anazikwa! Mwandishi alianzia makaburini. Jasho likamtoka. Yeye maisha yote aliyajua kuanzia mlangoni.

Akafumba macho. Akajiona amesimama bombani. Basi, akajiambia, leo tunaosha kutoka huku. Akagusa kifo, akagusa tuzo, akarudi nyuma taratibu, chupa kwa chupa, na ukurasa ukaanza kufunguka. Walipouliza, alijibu. Alipokwama, aliomba dakika, akanyoosha kidole hewani kama anayehesabu, akajibu tena.

Mkuu alinong'onezana na wenzake, akafunga faili.

"Umepita, mama."

"Na lile kosa, Mkuu?"

"Kosa lipi?"

Mama Chupa alishusha pumzi aliyoibana miaka kumi na mmoja. Alicheka, akalia, akampigia binti yake simu, wakabaki wanalizana hewani.

Alipotulia alirudi kuchukua kandambili zake. Kwenye karo la kuoshea alimkuta Miwani amekunja mikono ya shati, amelowa hadi kifuani, anaosha chupa za asubuhi.

"Pumzika, dada mkubwa. Leo ni zamu yangu kukushukuru."

Mama Chupa aliguswa sana. Akachukua chupa moja, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaichunguza shingo na kitako.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Rudia zote."