Maji ya Buluu Ghorofani

Fyuuu. Sauti ilitoka ndani ya ukuta, ndefu na nyembamba, kama mtu mwenye jino bovu anayevuta chai ya moto. Ikakatika. Ikaanza tena, safari hii na mngurumo chini yake.

"Unaisikia?" Presha alimuuliza baba mkwe wake, akitabasamu. "Hiyo ndiyo pampu yangu. Nawa, baba, chakula kinapoa. Usiogope kufungua mpaka mwisho. Kwangu maji hayaombwi."

Presha alikuwa fundi bomba, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa jingine. Mtaa wao ulikuwa umejengwa na watu wasiojuana. Kulikuwa na nyumba za mawe zenye kuta nene kama magodoro, zilizochimbiwa visima vya mvua chini ya sakafu. Kando yao zilisimama za matofali ya kuchoma, kisha za saruji zenye mapaa bapa, na siku hizi zilikuwa zimechipuka za vioo na vigae. Zote, kubwa kwa ndogo, zilining'inia kwenye paipu moja ya chuma iliyolazwa barabarani wakati nyumba zilikuwa chache. Maji yalifika kwa kuchechemea.

Nyumba ya kina Presha ilikuwa mtaa mzima kwa ufupi. Chini kulikuwa na vyumba vya mawe vya babu yake, ambamo mama yake alikuwa akikaa. Uani kulikuwa na jiko na bafu la matofali la marehemu baba yake. Juu ya vyote hivyo Presha alikuwa amejitwika ghorofa yake, ya vigae vyeupe na sinki zinazong'aa, na pampu iliyojiwasha yenyewe kila mtu alipofungua bomba. Hakuweka tangi. Wenzake walipomuuliza, alijibu, "Tangi ni la mtu asiyejiamini. Mimi nachukua moja kwa moja kutoka barabarani." Siku ya kwanza maji yalipopiga sinki la ghorofani, majirani walisimama chini na kumpigia makofi, naye aliinama kutoka dirishani kama mwimbaji.

Baba mkwe hakuja kuangalia pampu, ingawa alikuwa mzee mwenye adabu na aliisifu. Alikuwa ameitwa na binti yake kwa ajili ya mama wa Presha.

"Simsemi kwa ubaya," mke wa Presha alikuwa amemwambia baba yake muda mfupi kabla, akipanga sahani. "Ni mama yangu pia. Lakini anaacha mabomba wazi, baba. Mengine anayaziba kwa matambara. Ameficha ndoo za maji uvunguni, zimejaa mpaka shingoni. Juzi nimemkuta ameweka sikio ukutani, anasikiliza. Nikamuuliza, mama, unasikiliza nini? Akasema, 'Nangoja wanyamaze.' Wanyamaze kina nani? Yuko peke yake!"

Presha alikuwa ametazama pembeni. Hayo yote alikuwa ameyaona. Dada yake mkubwa, aliyekaa mji mwingine, alikuwa na chumba kitupu na alisema mama aletwe. Lililobaki lilikuwa kumwambia mama mwenyewe, na neno kama hilo halisemwi na mtoto. Husemwa na mtu mzima mwenzake. Ndiyo sababu mzee alikuja, amevaa shati jeupe la kwendea mambo mazito.

Sasa mzee alifungua bomba mpaka mwisho. Likakohoa, likatema upepo, kisha maji yakaruka kwa nguvu, ya buluu.

Haikuwa rangi ya kufikirika. Ilikuwa buluu ya kufulia, na povu juu yake, na harufu ya sabuni ya mche. Kabla mzee hajavuta mikono, vikofi vya shati lake, pale mikono inapofungwa vifungo, vilikuwa vimelowa.

"Sasa hii ndiyo teknolojia gani?" aliuliza kwa upole. "Yanakuja na sabuni kabisa?"

Mke wa Presha alipiga kelele, akakimbilia mikono ya baba yake na kuanza kuisuuza palepale, bomba likiwa wazi. Presha hakungoja. Damu yake haikuwahi kujua njia ya polepole. Aliteremka ngazi mbilimbili, akilini mwake kuna picha moja tu, mama yake akimimina mabaki ya buluu mahali fulani pasipomiminwa kitu.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni kubwa. Mpira wa maji ulikuwa umefungwa kwenye bomba la ukutani, na mwisho wake umetumbukia kwenye beseni, kati ya mashuka meupe.

"Mama! Umefanya nini tena?"

"Nafua."

"Umemwaga buluu wapi? Mkwe wangu yuko juu amelowa kama shati la mwanafunzi! Siku moja tu, mama, siku moja ya heshima, huwezi kunitunzia?" Alijua anapiga kelele, na alijua ukuta wa jirani si mrefu, lakini ulimi ulikuwa umeshakata kamba. "Basi wanasema kweli. Akili yako imeanza kukuaga."

Mama yake alimtazama tu, kisha akarudisha macho kwenye beseni, na Presha akayafuata macho yake.

Maji yalikuwa yanashuka. Hakuna aliyeyagusa, beseni halikuwa na tundu, nayo yalikuwa yanashuka. Mpira ulikuwa unatetemeka, na mdomo wake chini ya mashuka ulitoa sauti ya mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Juu, mkewe alikuwa bado anasuuza mikono ya baba yake. Pampu ilikuwa inanguruma. Mashuka yalibaki ndani ya beseni, yamejikunja, meupe juu na ya buluu kwenye mikunjo.

Fundi wa mwaka wa kwanza angelijua jambo lile. Paipu ya barabarani ikiwa dhaifu na pampu ikiwa na nguvu, pampu hainywi barabarani tu. Hunywa popote palipo wazi. Presha aliwahi kumcheka mwenzake mbele ya mafundi wote kwa kosa hilohilo, tena kwa maneno ya kukumbukwa.

Mama aliinama akafunga bomba. Mpira ukafa.

"Ukifunga, inaacha," alisema, kama anayemwelekeza mgeni. "Lakini nikifunga, maji yakija sitajua. Huwa nafungua nikangoja. Mkinyamaza huko juu, yanadondoka kidogo. Leo nimesahau kuutoa mpira kwenye beseni. Hapo nimekosa."

Presha alihisi masikio yake yakiwaka. Nangoja wanyamaze. Aliyekuwa akingojwa anyamaze alikuwa yeye.

Aliingia jikoni. Bomba la shaba la babu yake lilikuwa limefungwa tambara shingoni, fundo juu ya fundo, kama mtu mwenye mafua. Alilifungua. Mluzi ukatoka, mwembamba, unaokera, hewa ikiingia kupitia wosha iliyoliwa. Kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha koti! Alikuwa amebadilisha vipande kama hivyo katika nyumba za watu mpaka vidole vikaota sugu, na jikoni kwa mama yake hakuwahi kushika spana. Mganga hajigangi, watu husema, na hucheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Alirudi uani, sauti imemwishia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoileta."

"Na maji ya kupikia? Ya kuoga?"

"Kwa Bi Redio. Kisima cha nyumba yake bado kizima. Napitia mlango wa nyuma."

"Kwa nini wa nyuma?"

Mama alikamua shuka ambalo halikuwa na maji ya kukamuliwa. "Watu wasije wakasema mama wa fundi anaomba maji."

"Lakini kwa nini hukuniambia? Neno moja tu!"

"Ulikuwa unapigiwa makofi, baba. Nani anakwenda kupasua ngoma ya mwanawe inapolia?"

Hapo kichwa kilichofungwa kilemba cha kijani kikachomoza juu ya ukuta. Alikuwa Bi Redio mwenyewe, bibi wa nyumba ya pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu habari ikimwingia asubuhi, adhuhuri inajulikana mpaka sokoni.

"Nimesikia kelele," alisema. "Au ni wimbo?"

"Ni mazungumzo tu, bibi," alisema mama wa Presha haraka.

"Mazungumzo yenu yana sauti ya kwanza na ya pili."

Kabla Presha hajapata la kusema, baba mkwe alitokea mlangoni, mikono ameinyoosha mbele asijichafue zaidi, vikofi vya shati vya buluu.

"Kulikoni huku?"

Na mama wa Presha akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti nyororo, "Nisamehe, mkwe. Ni mimi. Uzee huu. Nilimimina buluu mahali pasipo pake, ikapanda juu. Kijana hana kosa, kazi yake ni safi kabisa."

Presha alifungua mdomo. Kisha akaona kile kichwa cha kijani juu ya ukuta, akaona vikofi vya mkwe wake, akasikia makofi ya siku ile ya dirishani, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Hilo ndilo lililomwumiza baadaye kuliko pampu. Kosa la pampu ni la mkono. Kimya kile kilikuwa chake chote, toka utosini mpaka kwenye nyayo.

Mzee alishusha pumzi, akamtazama mama kwa huruma ya kweli. "Basi, mama, tusizungushe maneno. Sote tunaelekea huko, mimi mwenyewe jana nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa. Binti yako mkubwa ana chumba. Watoto hawa wanaona ukakae naye, upate mtu wa kukuangalia. Hakuna anayekufukuza."

Mama aliviangalia vyumba vya mawe. Alikuwa ameingia mle akiwa bibi harusi. Alitazama bafu la matofali ambalo mumewe alilijenga mwenyewe, limepinda upande mmoja mpaka leo.

"Sawa," alisema. "Kama mmeshauriana, nitakwenda. Niacheni tu nimalize mashuka, yasinuke."

"Haendi!"

Wote walimgeukia Presha. Hata yeye alishtuka kwa ukali wa sauti yake.

"Baba, naomba mkono wako." Alimshika mzee kiganja, akauchomoa mpira, akalifungua bomba la uani mpaka mwisho na kukibandika kile kiganja kwenye mdomo wake. Kisha akainua uso akaita kwa mkewe, "Fungua maji huko juu! Yote!"

Pampu iliunguruma. Mzee aliruka. "He! Linanivuta! Mwanangu, lina mdomo hili!"

"Halina mdomo, baba. Mdomo ni wangu." Presha alilifunga, kiganja kikabanduka na alama ya duara jekundu katikati. "Pampu yangu inanyonya maji ya mama kabla hayajamfikia. Akiacha bomba wazi, anavizia tone. Hizo ndoo za uvunguni, anaweka akiba kwa sababu yetu sisi, tusimkaushe. Matambara ni kwa sababu bomba linampigia mluzi usiku kucha. Hana ugonjwa wowote. Sasa hivi amekudanganya ili kunifichia aibu, na mimi nimesimama hapa nikamwacha adanganye."

Mkewe alikuwa ameshuka, amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono mdomoni. "Mama," alisema.

Bi Redio alikuwa wa kwanza kupata pumzi.

"Kumbe! Na bomba langu la mbele, linalokoroma kila jioni mkioga? Nikaita watu wakaniombee nyumba!" Alijiegemeza vizuri ukutani. "Presha, wewe si fundi. Wewe ni kupe! Umetukaa mgongoni mtaa mzima, unanyonya, sisi tunakupigia makofi!"

"Bibi, muache mwanangu," alisema mama.

"Asiniache," alisema Presha. Uso ulikuwa unamchoma mpaka machoni, lakini hakuuinamisha. "Sema, Bi Redio. Leo tangaza. Anza na barabara yetu, malizia sokoni. Waambie Presha ni kupe."

Bi Redio alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaonekana hana hamu ya kutangaza. "Haya," alisema, na kilemba kikazama nyuma ya ukuta.

Mzee alikuwa anakitazama kiganja chake. "Basi mimi nimekuja kumhamisha mtu mzima kwa kosa la mashine," alisema polepole. Alimgeukia mama wa Presha. "Mama, nisamehe. Mimi niliyatamka, na maneno ya kutamka hayakamuliki yakarudi." Akavuta kigoda cha pili, akaketi na vikofi vyake vya buluu, kama mtu asiyeona tena haraka ya kwenda popote.

Presha alikwenda kwenye kona ya ngazi, palipokuwa na pampu. Aliizima, akachomoa waya, akafungua nati mbili na kuinyanyua kutoka kwenye kitako chake, nzito, bado ina joto. Aliiweka chini, miguuni mwa mama yake. Nyuma yake bomba la uani, lililofunguliwa tena na mkewe, lilianza kudondoka, likawa uzi mwembamba, uzi ukashika.

Mama hakutazama maji. Alikuwa anamtazama yeye, na machoni mwake hamkuwa na ushindi, mlikuwa na wasiwasi uleule wa kila siku, wa kuona mwanawe ameumia. Presha alishindwa kuyastahimili. Alichutama mpaka kichwa chake kikawa karibu na magoti ya mama yake.

"Nimekutukana ukuta mzima ukisikia," alisema. "Kwa hiyo na hili lisikike na ukuta mzima." Akapaza sauti, ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Mama, pampu hii haitawaka tena katika nyumba hii mpaka nizike tangi hapa uani, na tangi lijae kwanza kwa maji ya usiku, mtaa ukiwa umelala, na bomba lako liwe la kwanza kupata. Mpaka siku hiyo, juu hakuna maji. Atakayeyataka atashuka hapa, akupigie hodi, akuombe. Nami ndiye nitakayebeba ndoo, nikipitia mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Nakuahidi, mama."