Matone Kumi na Manane

Nilimpigia Zubeyr simu Kakuma nikiwa nimewaka. Mimea kwenye tangi langu la samaki, pale garejini kwangu Lodwar, ilikuwa inageuka njano, naye ndiye aliyeniuzia kipimo cha ugumu wa maji. Unadondosha dawa ukihesabu matone mpaka maji yabadilike kutoka nyekundu hadi kijani. Matone mengi, maji magumu.

"Kipimo chako ni takataka! Maji ya bomba yamekula matone kumi na manane."

"Ya Lodwar ni magumu, Ejore. Sabuni yenyewe haitoi povu huko."

"Basi nikapima maji ya kuongezea betri, ambayo hayana chumvi hata chembe, maana chumvi huua betri. Hayo yangegeuka kwa tone la kwanza. Nayo yamekula kumi na manane!"

Zubeyr aliuliza kwa upole maji hayo niliyatoa wapi.

"Kwenye mtungi wangu mwenyewe! Fundi hapa ni nani?"

Mke wangu Nakaale, aliyekuwa akilisha samaki, alicheka hadi akamwaga chakula. "Baba Asekon, mwezi jana bomba lilipotoa maji, si ulipiga kelele nijaze kila mtungi mtupu? Na huo nikaujaza."

Zubeyr alikohoa kuficha kicheko.

Niligeukia mlangoni. Nje, watu wanne walikuwa wakilisukuma lori la samaki la Kalokol kuja kwangu. Betri yake niliiongeza maji wiki iliyopita, kwa mkono wangu.