Nitaingia Zizini Jumatatu

Mimi Kisyeri, fundi cherehani wa Genkuru, naogopa ng'ombe. Nalisema mapema ili usije ukasema nilikuficha. Mkurya mzima mwenye mvi, baba wa watoto wanne, nikimwona ng'ombe anakuja njiani najifanya nimesahau kitu nyumbani, nageuka. Nimesahau vitu vingi sana katika maisha yangu.

Chanzo ni ndama. Watu wakisikia hivyo hucheka, lakini hao hawakukimbizwa na ndama wakiwa na miaka saba hadi wakapanda paa la jiko la bibi yao, paa likabomoka, wakatua ndani ya sufuria la uji. Tangu siku ile nikashika masomo kwa bidii ya ajabu. Nilipomaliza darasa la saba nikashika cherehani, kwa sababu cherehani haina pembe. Nikashona ovaroli za wachimbaji na sare za kwaya, watu wakaniona mtu wa kazi safi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kutaka kubadilika, nilitaka. Hakuna mtu Genkuru nzima aliyetaka kama mimi. Kila Jumapili jioni nilikuwa nataka mpaka jasho linanitoka, nasema Jumatatu naanza. Nilinunua gambuti. Nilinunua fimbo, kisha nikanunua fimbo nyingine iliyo bora kuliko ya kwanza. Nilitazama video za ufugaji kwenye simu hadi nikaweza kutaja magonjwa yote ya kwato.

Mke wangu Felista alinikuta siku moja nimekaa kitandani na gambuti miguuni, natazama video ya kukamua.

"Baba Huruma," akasema, "hizo gambuti zimemaliza mwaka hazijakanyaga hata tone la mavi."

"Najiandaa."

"Unajiandaa kwenda wapi? Mwezini?"

Nilikasirika sana, nikavua gambuti moja.

Sasa, binti yetu mkubwa, Huruma, muuguzi, mtoto ambaye hajawahi kunisumbua hata siku moja, akapata mchumba. Kijana anaitwa Steven, mwalimu, kwao Nyambureti. Mazungumzo ya mahari yalikwenda vizuri, yakaisha, tukanywa soda. Ndipo baba yake Steven, Mzee Mseti, akatamka lile nililokuwa naliogopa: nije Jumamosi ya wiki ya nne kuchagua ng'ombe.

Kwa ukoo wao jambo hilo halina mchezo. Baba wa binti anaingia zizini kwa miguu yake, anamwekea mkono mgongoni kila ng'ombe anayemtaka, wazee wanashuhudia. Hatumwi mtu. Akikaa nje, amedharau ng'ombe, na aliyedharau ng'ombe amedharau ukoo, na hapo posa imevunjika.

Huruma hakujua hofu yangu. Aliyejua ni Felista peke yake, na Felista akatoa dawa. Rafiki yake Tabitha wa Matongo ana ng'ombe mmoja mzee anaitwa Nesi, kwa upole wake. Kila asubuhi nitapewa kifurushi cha chumvi ya mawe, nitapita kwa Tabitha kabla ya kufungua duka, nitamlambisha Nesi mkononi. Wiki tatu tu, nitakuwa nimezoea.

Mpango ulikuwa mzuri. Nilimpenda sana mke wangu kwa mpango ule. Siku ya kwanza nilifika hadi kwenye ua wa Tabitha. Nesi akainua kichwa akanitazama, nami nikakumbuka kwamba nimesahau kitu nyumbani. Kifurushi nikakitia mfuko wa koti, nikasema kesho. Kesho yake nikapewa kingine, nikakitia mfukoni. Felista akiniuliza jioni, namjibu, "Anaendelea vizuri," na kweli Nesi alikuwa anaendelea vizuri. Ilipofika wiki ya tatu koti langu lilikuwa zito kama la askari wa vita, nami nikitembea nasikika kama gunia la kokoto.

Jumamosi ikafika. Nilikwenda na mdogo wangu Nashoni, mtu mwenye maneno mengi, na koti langu, maana ndilo zuri nililonalo. Kwa Mzee Mseti wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti. Tukasalimiana, tukaongozwa zizini. Lango likafunguliwa.

Nikasimama.

Ndani walikuwa wengi, wakubwa, wanapumua. Nikasema moyoni: ingia, Kisyeri. Miguu ikasikia na haikutii.

Mzee Mseti akaingia, akasubiri, akakohoa. "Naona mkwe hajaridhika. Leteni wale wa kule mtoni."

Wakaletwa wa kule mtoni. Walikuwa wanene kuliko wa kwanza. Mimi bado langoni, mikono nyuma, uso umekauka.

Nashoni akaninong'oneza, macho yanawaka kwa furaha, "Kaka, kumbe wewe ni mkali hivi! Kaza hapohapo, mura. Watatoa na lile dume jeupe."

Wakalitoa dume jeupe. Mama yangu! Lilikuwa na nundu ya kukaliwa na watu wawili. Nikarudi nyuma hatua moja. Wazee wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba fundi huyu anajiona nani.

Mzee Mseti akaniambia polepole, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "Mzee Kisyeri, nimetoa walio bora kati ya nilionao. Kama hutaki binti yako aje kwangu, sema, turudishe mifugo malishoni."

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Huruma: *Baba umeshaingia? Nimeshindwa hata kunywa chai.*

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Mtoto wangu hawezi kunywa chai kwa sababu ya ndama aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

"Siwadharau," nikasema. "Ng'ombe ni wazuri wote. Nawaogopa."

Nashoni akakohoa kwa nguvu akitaka kuyafunika maneno yangu, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Unaogopa nini?" akauliza Mzee Mseti.

"Ng'ombe. Tangu utoto. Kuna ndama mmoja..."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake. Mimi nikasikia wepesi mkubwa moyoni. Nimesema! Baada ya miaka yote hiyo nimesema! Nikavuta pumzi, nikageuka kwenda kukaa.

"Unakwenda wapi?" Mzee Mseti hakuwa amecheka hata kidogo. "Umesema. Vizuri. Lakini hujaingia."

Mzee yule alinikera, na alikuwa na haki. Maisha yangu yote nimenunua, nimetazama, nimepanga, na sasa nimesema pia. Mguu wangu ulikuwa bado nje ya lango.

Nikafumba macho, nikaingia. Hatua moja, mbili, tano, mkono mbele. Nikagusa kitu chenye joto, kikubwa, kinapumua. "Huyu!" nikapiga kelele. "Namtaka huyu!"

"Mimi simo kwenye mahari," akasema Mzee Mseti. "Nitoe mkono begani, fumbua macho."

Nikafumbua. Mbele yangu alikuwa ng'ombe mwekundu, kope ndefu, ananinusa koti. Akatoa ulimi, akalamba mfuko. Na wa nyuma yake akaja. Na wa kule mtoni wakaja. Ndipo nikakumbuka chumvi: vifurushi vya wiki tatu, vyote mwilini mwangu. Lango lilishafungwa. Pa kukimbilia hapakuwa, wala paa la kupanda halikuwepo.

Nikatia mkono mfukoni. Nikafungua kifurushi, nikakunjua kiganja. Yule mwekundu akalamba. Ulimi mnene, wa kukwaruza, wa moto. Nilipiga yowe, lakini mkono sikuuondoa. Mkono wa pili nikamwekea mgongoni. "Huyu," nikasema. Kisha mwingine akalamba, nikamwambia naye, "Na huyu." Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na ninasema wazi kwamba nilikuwa nalia.

"Tazameni anavyopendwa!" Nashoni akawaambia wazee, kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Nikamaliza kuchagua. Mzee Mseti akatoka kwenda kuagiza chakula, wazee wakamfuata. Mimi nilibaki, kwa sababu mifuko yenye chumvi ilikuwa bado mitatu na dume jeupe lilikuwa limeshika foleni kati yangu na lango. Nikatoa simu kwa mkono uliobaki mkavu, nikampigia Huruma.

"Baba! Umeingia?"

"Nimeingia, mwanangu. Kunywa chai."

Nikasikia analia upande wa pili, kisha akauliza, "Na umeshatoka?"

Dume likaweka pua yake kwenye mfuko wa kifua, likapumua.

"Kutoka," nikasema, "nadhani Jumatatu."