Glavu Shavuni

Kazi yetu ilikuwa kuzipa glavu maisha ya pili. Zikitoka chumba cha upasuaji tunaziosha, tunazianika, halafu tunazikagua. Unaijaza glavu hewa, unaukunja mdomo wake, unaisogeza shavuni. Ikiwa imetoboka, shavu litahisi upepo. Iliyo nzima inapakwa poda, inafungwa, inakwenda kwenye mashine ya mvuke.

Basi shavu langu la kulia likaanza kuvimba.

"Shoga, nani kakuzaba kofi?" aliniuliza mwenzangu, tuliyemwita Kicheko. "Marehemu mumeo amerudi?"

"Marehemu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Na akirudi ataanza na wewe, kwa mdomo huo."

Tukacheka. Baada ya shavu yakaja macho, kisha kifua. Poda ikipaa, nakohoa mpaka nashika meza. Daktari akanipima, akasema mwili wangu unaukataa mpira unaotengenezewa glavu, na poda ndiyo inayoubeba hewani. "Ondoka pale," akaniambia. Niende wapi? Wodini glavu, jikoni glavu, kwenye kufua glavu. Binti yangu yuko shule, na baba yake yuko kaburini. Nilimwambia Kicheko peke yake. Nikawa namwomba Mungu anifungulie mlango, na huku mwenyewe nimeufunga mdomo.

Asubuhi moja kopo la poda likamponyoka Kicheko. Chumba kikawa cheupe. Koo langu likabana kama limetiwa kamba. Nilijikuta kitandani chumba cha dharura, nesi ananijia na sindano, mikono yote ndani ya glavu. Nikamsukuma.

"Mama, mtu mzima unaogopa sindano?"

Sauti haikutoka. Wa pili akaja kunishika mabega, naye kavaa. Kila aliyekuja kuniokoa alikuja amevaa kile kinachoniua. Nikasema moyoni, Mola wangu, nipitie wapi?

Kicheko akapiga kelele mlangoni: "Vueni glavu! Ndizo zinazommaliza!"

Wakavua. Sindano ikaingia. Pumzi ikarudi kwa kusitasita, kama maji ya bomba lililokuwa limekatwa.

Nilipopona, Metroni, mkuu wa manesi, alinihamishia chumba cha kushona, mwisho wa korido. "Hapa hakuna glavu, mama. Uko salama." Dirisha lilikuwa moja tu, nalo linatazama chumba cha glavu alimobaki Kicheko, kwa hiyo wakalipigilia misumari kwa ajili yangu. Nikashona mashuka huku jasho linanichuruzika, nikamshukuru Mungu.

Siku moja Metroni akaja na mzigo wa kofia za upasuaji. Juu yake kulikuwa na bunda la mpira mwembamba, wa kutia kwenye pindo.

"Zinatakiwa haraka," akasema, akageuka.

Nikautazama ule mpira. Vidole vikaanza kuwasha hata sijaugusa. Nikiutia, nitarudi kitandani kule. Nikikataa, limebaki geti la kutokea.

"Metroni. Na huu pia."

Akasimama, mkono kwenye kitasa. Akautazama mpira, akalitazama dirisha.

"Sasa nikuweke wapi, mama?"

"Niache hapahapa. Nitashona kamba za kitambaa, wafunge kisogoni."

"Madaktari watalalamika."

"Walalamike. Pumzi ya kulalamikia wanayo."

Hakucheka. Aliuchukua mpira akauweka kwapani, akatoka, kofia akaniachia.

Nikapiga bismillahi, nikachukua mkasi, nikaanza kukata kamba.