Sakafu ya Chumba cha Bibi

Mara ya nne kuitwa kuzibua choo kilekile, nilikwenda nimenuna. Fundi bomba anayeitwa mara nne kwa choo kimoja kuna jambo asilolijua, nami sipendi kuchezewa shere na bomba.

Mara ya kwanza nilivuta kwa waya fungu la waipsi, zile tishu za unyevu za kumfutia mtoto, zimesokotana hadi zimekuwa kamba. Kwenye pakiti wameandika kwamba zinatupwa chooni. Aliyeandika hivyo hajawahi kuingiza mkono kwenye bomba. Mara ya pili niliinua mfuniko wa tangi la choo nikakuta matofali mawili yamelala humo. Aliyeyaweka ni mwenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mkuu, eti abane matumizi ya maji. Nilimweleza kwamba maji kidogo hayasukumi uchafu, yanauacha njiani. Alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliyechelewa. Mara ya tatu nilipiga mpira wa kuzibulia dakika kumi, maji yakashuka, nikaondoka bila kuuliza yanashukia wapi. Hilo ni kosa langu, na nalisema kabla hajalisema mwingine.

Safari hii nilifika saa nne asubuhi. Choo chenyewe kilikuwa ndani ya chumba kipya cha mama yake Mkuu. Bibi alivunjika nyonga mwaka uliopita, na mwanawe akamjengea chumba nyuma ya nyumba: choo hatua tatu kutoka kitandani, vyuma vya kushikia ukutani, sakafu ya vigae vyeupe. Ukweli usemwe, kilijengwa kwa mapenzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena?"

"Nimerudi. Choo chako kimeniapiza."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kunanguruma," akasema. "Hapa chini. Na kitanda kinaenda."

"Kinaenda wapi?"

"Ukutani. Kila siku kidogo."

Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama akagusa kichwa chake kwa kidole. "Ana miaka themanini na mitano, fundi," akasema kwa sauti ya chini, ambayo bibi aliisikia vizuri tu. "Daktari amempa vidonge vya kumtuliza. Wewe shughulika na choo."

Nikashughulika na choo. Nilifungua maji kwenye beseni la kunawia, choo kikabwabwaja. Nikamwomba mke wa Mkuu afungue maji jikoni, upande wa pili kabisa wa nyumba, choo kikabwabwaja tena na maji meusi yakapanda hadi karibu na ukingo. Choo kimoja kikigoma, ubaya umo humohumo. Nyumba nzima ikigoma, ubaya uko kule mabomba yote yanakoishia.

"Mkuu, shimo la maji machafu liko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya nyumba. Ilivyokuwa zamani."

Nilitoka nje nikazunguka mara mbili. Hapakuwa na mfuniko wa shimo popote. Kulikuwa na chemba moja ya zege, pale mabomba yanapokutana, na nilipoifunua ilikuwa imejaa pomoni. Bomba lililotoka hapo lilikwenda moja kwa moja chini ya ukuta mpya. Kando ya ukuta palikuwa na kipande cha bomba la hewa, kimekatwa usawa wa ardhi na kuzibwa kwa saruji.

Hewa ya shimo ikikosa pa kutokea haikai bure. Inakula zege, polepole, ikilimaliza inahamia kwenye nondo za chuma zilizo ndani yake.

"Ulijenga juu ya shimo," nikamwambia Mkuu.

"Lilikuwa na zege nene, fundi. Mjenzi alisema huo ni msingi wa bure."

"Na mfuniko?"

"Tuliweka vigae juu yake. Mama asijikwae."

"Bomba la hewa?"

"Lilikuwa linamnukia mama dirishani."

Kila alichofanya alikifanya kwa ajili ya mama yake, na kila alichofanya kilikuwa kinamchimbia kaburi.

Nilirudi mlangoni, nikapiga magoti nikaanza kugonga vigae kwa mpini wa nyundo. Kizingitini sauti ilikuwa nzito, ya sakafu iliyoshiba. Mkono mmoja mbele ilianza kupwaya. Mbele zaidi ikawa ya dumu tupu. Niliinamisha kichwa nikaangalia chini ya kitanda: ufa mwembamba ulipita kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na pale miguu ilipokuwa imesimama zamani palibaki alama nne za mviringo, vidole vinne mbali na ilipo sasa. Kitanda kilikuwa kinaenda kweli. Bibi alikuwa na akili timamu kuliko sisi sote mle ndani, na tulikuwa tunamnywesha vidonge.

Mkuu alitaka kuingia kumbeba.

"Ukikanyaga tu, tutawazika wawili!" nikamfokea. Sikumbuki kama kuna mtu amewahi kumfokea mtu yule. Alirudi nyuma.

Nilichukua ngazi yangu ya mbao nje nikailaza sakafuni, kutoka kizingitini hadi kitandani, ili uzito usambae. Nikatambaa juu yake kwa tumbo. Chini yangu kulinguruma, ngurumo ndefu ya tumbo la mgonjwa, na jasho likanitoka hadi machoni. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Bibi, jiviringishe blanketi. Teleza taratibu uje kwenye ngazi. Usisimame."

"Nilimwambia," akaninong'oneza alipofika usoni pangu.

"Najua, bibi. Shika hapa."

Nilirudi kinyumenyume, Mkuu na mkewe wakivuta blanketi kutoka koridoni. Miguu ya bibi ilipovuka kizingiti, kigae kimoja kiliruka chenyewe. Kisha kingine. Mguu wa kitanda ukazama, halafu kitanda chote kikainama na kwenda chini pamoja na nusu ya sakafu. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Kulikuwa na mmiminiko, na harufu.

"Nje wote!" nikapiga kelele. "Mtu asichungulie, hewa hiyo inaua!"

Alasiri, harufu ilipopungua na chumba kimezungushiwa kamba, Mkuu alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake pale uani.

"Mama, utalala chumbani kwetu. Sisi tutalala sebuleni. Ni salama kabisa, mama, nakuapia."

Bibi alimtazama mwanawe bila hasira. Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, chumba chao umekigonga?"

"Bado, bibi."

"Nenda kakigonge."

Wakambeba hadi mlangoni pa chumba chao, kiti na yeye. Nilipiga magoti nikaanza kugonga, kigae baada ya kigae, Mkuu akiwa amesimama kando mikono nyuma. "Pako sawa, mama," alikuwa anasema kila mara, kwa upole. Bibi hakumjibu hata mara moja. Alisubiri mpaka mimi niseme.