Kikopo cha Mama Pacha

Kazi yangu ilikuwa kukusanya vinyesi vya watoto, na nilijidai nayo. Kila Jumatatu asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu, nachukua vikopo, kisha nakwenda maabara kutafuta amiba kwa hadubini. Wakubwa wa utafiti walitaka kujua kwa nini mtoto mmoja akishaharisha damu mara moja haugui tena, na mwingine haishi kuugua.

Mama Pacha alikuwa na mapacha wa mwaka na nusu, wa kike na wa kiume. Utafiti ulichukua mtoto mmoja kwa kila nyumba, tukachukua wa kiume. Wiki ya pili tu akanipa kikopo cha majimaji. Nilikuwa na haraka, nikadhani amechanganya na maji ya kumtawazia. Nikamrudishia, nikamwambia hiki kimeharibika, siku nyingine alete kizuri.

Akawa analeta vizuri. Miezi saba: amiba hakuna, kingamwili, ile kinga ya mwili dhidi ya amiba, tele. Daktari mkuu alimwonyesha kila mgeni majibu ya mtoto huyo, nami nikavimba kichwa. Mtoto mwenyewe sikumtazama. Nilimwona mgongoni mwa mama yake, kakonda, nikapita. Mara mbili mama aliniambia tumbo linamsumbua mwanawe. Nilimjibu kwamba vipimo ni safi, aache wasiwasi. Nani abishane na maabara?

Mtoto alifia wodini siku ya Jumatano, kwa kuharisha damu.

Nilikwenda msibani na swali langu la kijinga: imekuwaje, na mtoto alikuwa na kinga? Mama Pacha alikuwa ameketi mkekani, pacha wa kike mapajani, kanenepa, anavuta ushungi wa mama yake. Akanivuta karibu, akasema kwa sauti ya chini.

"Chake kilikuwa maji tu, dada, na damu. Ulisema kimeharibika. Nikawa nakuletea cha mwenzake."

Akanishika mkono.

"Nisamehe, dada. Nimekuharibia kazi yako."

Nilijua la kusema. Nilijua kosa ni la nani, na kwamba mwanamke huyu atalala na hatia isiyo yake kifuani maisha yake yote nisipofungua mdomo. Lakini wanawake wengine walikuwa wananitazama, na nje gari la ofisi lilikuwa linanisubiri.

Nikamwambia nimemsamehe.